Je, mkaa unatosha kusafisha maji ya yadi ya nguzo?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa yadi ya kutibu nguzo karibu na Mafinga. Tunatibu nguzo za mikaratusi kwa dawa ya CCA, na mara chache kwa kriosoti. Maji yanayochuruzika kwenye nguzo na yale ya mvua yote huingia katika shimo moja, na msimu wa mvua hufika kama lita 2,000 kwa siku. Bondeni kwetu kuna vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya wanakijiji na kijito. Mwenzetu ametushauri tujaze mapipa mkaa unaotokana na mabaki ya mbao, tupitishe maji humo, kisha tuyatumie kumwagilia miche. Mkaa ukichoka, anasema, tuutumie jikoni. Je, mpango huu unafaa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na asante kwa kueleza yadi yenu ilivyo, maana wengi huniuliza habari za kichujio bila kutaja kinachokwenda kuchujwa. Mkaa utawasaidia upande wa kriosoti. Upande wa CCA, ambao ndio mzigo wenu mkubwa, mkaa hautafanya kazi ya kutegemewa, na huko mtahitaji chuma. Ushauri wa kuupeleka jikoni mkaa uliochoka msiufuate hata siku moja; sababu nitaieleza nikifika huko.

Tuanze na kilichomo ndani ya lile shimo. CCA hubeba shaba, kromi na arseniki. Katika aina iliyozoeleka zaidi, ile inayoandikwa CCA-C, kila gramu 100 za dawa, zikihesabiwa kama oksidi, huwa na takriban gramu 47.5 za kromi, 18.5 za shaba na 34 za arseniki. Tuseme mchanganyiko wenu wa kazi una nguvu ya asilimia 3. Lita moja itakuwa na gramu 30 hivi za oksidi, na humo arseniki yenyewe, ukiitoa oksijeni, ni kama gramu 6.6. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za arseniki kwa lita. Gawanyeni wenyewe mtaona kwamba lita moja tu ya dawa iliyochuruzika, ili ishuke hadi kiwango hicho kwa kuzimuliwa na maji safi, ingehitaji zaidi ya lita 650,000. Ndiyo maana sikubaliani na kauli ya kwamba mvua itaosha, ambayo nimeisikia katika yadi kadhaa kati ya Mafinga na Njombe. Zaidi ya hayo, madini haya matatu ni elementi. Hayaozi, hayaunguzwi na jua, wala hakuna kijidudu kinachoweza kuyameng'enya yakaisha. Yanachoweza kufanya ni kuhama tu.

Kriosoti ni jambo jingine kabisa. Hutokana na lami ya makaa ya mawe, na sehemu yake kubwa, karibu asilimia 85, ni hidrokaboni zenye pete mbili au zaidi za kaboni zilizoshikana. Nafthalini, yenye pete mbili, mnaijua kwa harufu ya vidonge vya kuwekea nguo kabatini. Huyeyuka majini kiasi cha miligramu 30 hivi kwa lita, na bakteria wakipata hewa huimaliza. Benzopireni, yenye pete tano, ambayo imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu, karibu haiyeyuki kabisa. Hushikamana na tope la chini ya shimo na inaweza kukaa humo miaka mingi. Kwa hiyo mnapotazama maji ya juu yaliyotulia mkadhani yamejisafisha, kumbukeni kwamba sehemu mbaya zaidi ya kriosoti iko chini ya maji hayo, kwa kuwa kriosoti yenyewe ni nzito kuliko maji.

Sasa, nyenzo ya kunasa hufanyaje kazi? Watu wengi hudhani mkaa hunyonya uchafu kama tonge la ugali linavyonyonya mchuzi. Mfano ulio karibu zaidi ni suruali ya mtu aliyepita katika shamba lenye kishonanguo. Mbegu haziingii ndani ya uzi. Hujishika usoni pa kitambaa, moja baada ya nyingine, na suruali ikishajaa, mbegu inayofuata haina pa kukaa. Uwezo wa nyenzo basi unategemea mambo mawili: ukubwa wa uso wake, na kama uso huo unaelewana na kichafuzi kinachopita. Mkaa amilifu wa kiwandani, uliopikwa kwa mvuke kwenye nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, una uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500 katika gramu moja. Tukichukua mkaa wa wastani wenye mita 900, gramu nane tu, kiasi cha kijiko kimoja cha mezani, zina uso unaolingana na uwanja mzima wa mpira. Mkaa wa tanuri la udongo hupikwa kwenye nyuzi 400 hadi 500 hivi, na vitundu vyake vingi huwa vimezibwa na lami ya kuni zenyewe. Si kwamba haufai kitu. Unafaa, ila mtahitaji mwingi zaidi kwa kazi ile ile, na lazima uoshwe jivu kwanza.

Uso wa mkaa hupenda vitu visivyopenda maji. Pete za kaboni za kriosoti hulala juu ya pete za kaboni za mkaa kama sahani juu ya sahani, na kadiri pete zilivyo nyingi ndivyo zinavyoshikwa kwa nguvu. Arseniki ya CCA haina tabia hiyo. Imo majini kama chembe yenye chaji hasi, imezungukwa na maji na imeridhika humo, na inapopita kwenye mkaa haioni sababu ya kusimama. Kromi ya CCA ambayo bado haijashika kwenye mti hunaswa na mkaa pale tu maji yanapokuwa na tindikali ya kutosha, na jivu la mkaa wa kienyeji huyavuta maji kuelekea alkali, yaani upande usiofaa.

Hili nimejifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, katika yadi moja ambayo sitaitaja, tulijaza pipa chenga za mkaa, tukapitisha maji ya shimo kama lenu. Yaliingia yakiwa na utando wa mafuta na harufu ya kukereketa koo, yakatoka meupe, hayanuki. Tulipongezana. Msimamizi akachota kwa kiganja akayanusa mbele ya wafanyakazi wake. Majibu ya maabara yaliporudi, arseniki ya kutokea ilikuwa karibu sawasawa na ya kuingilia. Pua ilikuwa imetupa majibu ya kriosoti peke yake, sisi tukayachukua kuwa majibu ya kila kitu. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie maji ni safi kwa sababu hayana harufu wala rangi. Arseniki haina vyote viwili.

Kinachoelewana na arseniki ni kutu. Uso wa oksidi za chuma hushika arseniki kwa kifungo halisi cha kikemia, hasa maji yasipozidi 8 kwenye pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali, na bahati yenu ni kwamba arseniki ya CCA iko katika hali ile inayonaswa kwa urahisi zaidi. Nchini Bangladesh, ambako visima vingi vina arseniki ya asili, mkemia Abul Hussam alitengeneza kichujio cha nyumbani kiitwacho Sono, chenye tabaka la chuma kilichosindikwa pamoja na mchanga na mkaa, na mwaka 2007 kilishinda tuzo ya Grainger nchini Marekani. Nawatajia kwa sababu malighafi yake haiwashindi: masalia ya kukereza chuma hupatikana kwa mafundi wa Mafinga na Iringa, na mchanga mnao. Masalia hayo yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni hadi mafuta ya mashine yatoke, kisha yachanganywe na mchanga, kwa sababu chuma kitupu kikishika kutu huvimba na kugandamana kama saruji, na maji hayapiti tena.

Lakini kichujio cha Sono kilibuniwa kwa maji ya kisima, ambayo arseniki yake ni sehemu ndogo ya miligramu kwa lita. Maji ya shimo lenu yanaweza kuwa na makumi ya miligramu, na mkiyapeleka moja kwa moja kwenye chuma na mchanga mtakuwa mnabadilisha pipa kila mara. Hatua inayotangulia inapaswa kuwa ya kugandisha. Chukueni salfeti ya chuma, ile iitwayo ferrous, iyeyusheni, itieni kwenye tangi la maji huku mkikoroga. Chuma hicho hufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja: kwanza huigeuza kromi kutoka hali yake yenye sumu kali na inayotembea majini kwenda hali tulivu, na chenyewe kwa kufanya hivyo hugeuka kuwa chuma cha aina ya kutu, ambacho ndicho kinachoinasa arseniki. Baada ya hapo tieni chokaa kidogo kidogo hadi pH ifike kati ya 7.5 na 8. Mtaona mabonge ya rangi ya kahawia yakijikusanya na kushuka, yakizama na kromi, shaba na arseniki kwa pamoja. Acheni yatulie usiku kucha. Rangi ya manjano ya kromi ikitoweka ni dalili nzuri, ingawa dalili si kipimo. Vipo vifaa vya kupimia papo hapo ambavyo hugeuza maji kuwa ya zambarau kama kromi mbaya bado imo.

Haya yote hayatafanya kazi iwapo kriosoti imechanganyika na CCA, kwa kuwa mafuta hufunika uso wa kutu na uso wa mkaa vilevile, na nyenzo iliyofunikwa na mafuta haina tofauti na kokoto. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, hata kabla ya kununua pipa, ni kuwa na mashimo mawili. Maji ya kriosoti yapite katika tangi la vyumba vitatu ambamo mafuta mazito hubaki chini, mepesi hubaki juu, na maji ya katikati huhamia chumba kinachofuata kupitia bomba lililoinama. Kisha yapite kwenye mchanga. Ndipo yafike kwenye mkaa. Mafuta yaliyobaki kwenye vyumba hurudishwa kwenye tangi la dawa, maana ni mali.

Na hapa ndipo penye rai yangu kuu. Mnaniuliza namna ya kusafisha lita 2,000 kwa siku, nami nawauliza zinatoka wapi. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya sakafu ya mita 10 kwa 10 huleta lita 2,000 kamili. Kwa maneno mengine, huenda sehemu kubwa ya maji mnayotaka kuyasafisha yalikuwa safi hadi yalipogusa sakafu yenu. Bati, mifereji ya paa, na tuta dogo la zege kuzunguka sakafu ya kuchuruzia ni gharama ya mara moja; salfeti, chokaa, mkaa na vipimo vya maabara ni gharama ya kila mwezi. Mkishaezeka, kile kidogo kitakachobaki upande wa CCA hakihitaji kusafishwa kabisa, kwa sababu CCA huchanganywa kwa maji: kichujeni kuondoa vumbi la mbao na magome, kirudisheni kwenye tangi la kuchanganyia, na mpime nguvu ya dawa kabla ya kazi. Yadi zinazoendeshwa vizuri hufanya hivyo, na dawa iliyochuruzika ni fedha yenu iliyomwagika.

Lipo pia suala la baridi, ambalo wenzetu wa Dar es Salaam hawalifikirii. Dawa ya CCA haishiki kwenye mti papo hapo. Inahitaji muda ili kromi ibadilike ndani ya nyuzi za mti na kuifunga arseniki, na muda huo hutegemea joto: karibu wiki mbili kwenye nyuzi 20, na wiki kadhaa pale usiku wa Juni na Julai unaposhuka hadi nyuzi 10 au chini yake, kama mnavyoujua ukungu wa Mufindi. Nguzo iliyotolewa nje ya paa baada ya siku tatu katika mwezi wa Julai itaendelea kutoa sumu hata kama imekauka machoni. Zikae chini ya paa muda mrefu zaidi miezi hiyo. Mchukue vipande vya kipekecho, yaani vijiti vyembamba vinavyotobolewa ndani ya mti, kutoka nguzo chache na kuvipima kama kromi imeshika kabla ya kuzitoa.

Baada ya kupunguza maji, mapipa yenu yatakuwa na maana, hasa kwa upande wa kriosoti. Nachukulia mtabaki na lita 500 kwa siku na mtazipitisha kwa saa nne, yaani lita 125 kwa saa. Kwa mkaa wa kienyeji ningependa maji yakae ndani ya tabaka dakika 60 hivi, kwa hiyo mnahitaji lita 125 za mkaa katika pipa la lita 200; litabaki na nafasi ya kokoto chini na ya maji juu. Mkaa uwe chenga za ukubwa wa punje za mchele hadi za mahindi, umechekechwa kutoa vumbi, na umelowekwa usiku mzima ili hewa itoke. Mkaa uliojaa hewa huelea na kuacha njia ambazo maji huponyokea. Wekeni mapipa mawili yanayofuatana, na koki ya kuchotea sampuli katikati yao. Pipa la mbele likishiba, uchafu utaonekana kwenye koki hiyo wakati pipa la nyuma bado linalinda kijito. Hapo litoeni la mbele, la nyuma liwe la mbele, na jipya liwekwe nyuma. Mwenye pipa moja hujua kwamba limeshiba pale uchafu unapokuwa tayari mtoni.

Sampuli zipelekeni Mbeya, kwenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, baada ya kuwauliza chupa za aina gani. Kwa kawaida za madini huwa za plastiki na hutiwa tone la tindikali ya nitriki, na za kriosoti huwa za kioo cheusi, zimejazwa hadi mdomoni na kuwekwa kwenye barafu. Maji ya kriosoti yaliyopita kwenye plastiki hudanganya, maana plastiki nayo hunasa.

Nije kwenye mkaa uliochoka. Nyenzo ya kunasa haiui sumu; huikusanya. Mkaa ulionasa kriosoti, ukiwashwa kwenye jiko la kawaida, huirudisha hewani kama moshi ndani ya nyumba yenu, na kama ulipitiwa na CCA, sehemu ya arseniki huruka na moshi na iliyobaki hukaa kwenye jivu, ambalo akina mama wengi hulitumia kusugulia sufuria au kutupia kwenye bustani. Hali ni hiyo hiyo kwa vipande vya nguzo zilizotibiwa. Navionaga vikiuzwa kama kuni, na naomba muwe wakali sana juu ya jambo hili. Hidrokaboni hizi huteketea kwa uhakika katika tanuri maalumu linalozidi nyuzi 1,000, lenye kusafisha moshi wake. Arseniki haiteketei hata humo. Kwa hiyo mkaa, mchanga wenye chuma na tope la kahawia vyote vihesabiwe kuwa taka hatarishi: viwekwe katika mapipa yenye mifuniko, chini ya paa, juu ya zege, vikiwa na lebo na tarehe, na muwasiliane na ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira, ili vichukuliwe na mwenye kibali.

Msikubali kamwe kulifukia tope hilo bondeni. Udongo wetu mwekundu una oksidi nyingi za chuma na alumini, na bila shaka umekwisha kunasa sehemu ya arseniki iliyovuja yadini kwenu. Hilo limewalinda majirani kwa kiasi fulani. Lakini kinyungu ni udongo wenye maji muda mrefu na mabaki ya mimea yanayooza. Oksijeni ikiisha humo, bakteria huyeyusha oksidi za chuma, na arseniki iliyoshikwa huachiwa pamoja nazo. Kutu inayowafaa juu ya kilima inakuwa mlango wazi bondeni. Ningewashauri mpime pia udongo wa vinyungu vilivyo karibu zaidi na mfereji wenu, na mfanye hivyo kwa kuwashirikisha wenye vinyungu.

Kuhusu miche, jibu langu ni hapana, hata baada ya hatua zote hizi. Mche wa mkaratusi hauwezi kuwaambia kama maji yana miligramu 0.05 au 5 za arseniki, na udongo wa viriba utakusanya kila kitakachopita. Maji ya upande wa CCA yarudi kuchanganyia dawa. Maji ya upande wa kriosoti yaliyopita mapipa mawili yahifadhiwe hadi majibu yatoke, kisha yamwagwe kwa masharti ya kibali cha kutiririsha majitaka, ambacho kwa eneo lenu hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa mjini, kwa sababu vijito vingi vya upande huo huishia Ruaha Mdogo, na mto huo ndio unaonywewa na wakazi wa mji wa Iringa. Kwa miche, tumieni maji ya paa jipya mtakalojenga: mita 10 kwa 10 zile zile, lita 2,000 zile zile.